Irving Langmuir: Mwanasayansi wa tabaka moja aliyefungua njia ya rangi kushika kwenye plastiki

Mwanakemia huyu wa Marekani, aliyefariki dunia mwaka 1957, hakuwahi kupaka rangi bampa la gari. Hata hivyo, magari ya leo yasingeweza kuundwa jinsi yanavyoundwa bila mambo mawili aliyoyachunguza kwa miaka mingi: tabia ya uso wa vitu, na gesi yenye umeme ambayo yeye ndiye aliyeipa jina la plazma.

Katika kituo cha mpito cha Kenani, wilayani Nchelenge, mkoani Luapula nchini Zambia, ambako wakimbizi kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo walianza kupokelewa mwaka 2017, somo la Langmuir limetandazwa juu ya vichwa vya watu. Maturubai yanayoezekea mabanda hutengenezwa kwa plastiki iitwayo polithini. Mvua inapoyanyeshea, maji hayasambai. Hujikusanya matone matone kama shanga, kisha huteleza na kuanguka. Mtu akibandika utepe wa gundi ili kuziba tundu, mara nyingi utepe huo huachia upesi. Sababu ni moja. Uso wa plastiki ya namna hiyo hauvutani na kitu kingine, na sifa inayoifukuza mvua ndiyo hiyo hiyo inayoikataa gundi, wino na rangi.

Watengenezaji wa magari walikutana na kikwazo hicho hicho pale walipoanza kuacha chuma na kutumia plastiki. Jibu walilolipata lina mizizi katika maabara moja ya mji wa Schenectady, jimboni New York, na katika maisha ya mtu mmoja aliyependa kuuliza maswali ambayo hakuna aliyemtuma kuyauliza.

Mtoto aliyechelewa kuona

Irving Langmuir alizaliwa Brooklyn, New York, tarehe 31 Januari 1881, akiwa mtoto wa tatu kati ya wavulana wanne wa Charles Langmuir na mkewe, Sadie Comings. Wazazi wake walimzoesha tangu utotoni kuyatazama mazingira kwa makini na kuandika kila alichokiona. Lakini hadi alipofikisha umri wa miaka 11, hakuna aliyetambua kwamba macho yake yalikuwa dhaifu. Alipovishwa miwani, vitu vidogo ambavyo wenzake walikuwa wamevizoea vilimjia kama vitu vipya kabisa. Hamu yake ya kuchunguza maumbile ikaongezeka maradufu, wala haikupungua tena.

Kazi ya baba yake, aliyekuwa mtu wa bima, iliipeleka familia mjini Paris kati ya mwaka 1892 na 1895, na Irving akasoma huko katika shule ya bweni. Kaka yake mkubwa, Arthur, ambaye alikuwa mwanakemia, ndiye aliyemvuta kwenye sayansi na kumsaidia kutengeneza maabara ndogo katika pembe ya chumba cha kulala.

Mwaka 1903 alihitimu shahada ya uhandisi wa madini ya metali katika Chuo Kikuu cha Columbia. Kutoka hapo alivuka bahari kwenda Göttingen, Ujerumani, kusoma chini ya Walther Nernst, mmoja wa wanakemia mashuhuri wa zama hizo. Tasnifu yake ilihusu namna gesi zinavyobadilika zinapokaribia waya wenye moto mkali. Alipata shahada ya uzamivu mwaka 1906. Waya wa moto ndani ya gesi: hilo lilionekana jambo dogo, lakini ndilo lililokuja kumfungulia karibu milango yote ya maisha yake.

Aliporejea Marekani alifundisha katika chuo cha Stevens, mjini Hoboken, kwa miaka mitatu. Kufundisha kulimla muda wote, na utafiti ukabaki nyuma. Katika kiangazi cha mwaka 1909 alikwenda Schenectady kufanya kazi ya likizo katika maabara ya kampuni ya General Electric. Likizo hiyo ikageuka ajira ya zaidi ya miaka 40, kwani aliondoka kazini kwa kustaafu mwaka 1950.

Balbu iliyoingia giza

Mkuu wa maabara, Willis Whitney, alikuwa na desturi isiyo ya kawaida katika viwanda vya wakati huo. Hakumpangia mgeni wake kazi. Alimwacha azunguke, atazame na achague mwenyewe. Langmuir akachagua balbu ya umeme.

Balbu za wakati huo zilikuwa na uzi mwembamba wa tungsteni ndani ya kioo kilichonyonywa hewa yote. Baada ya kuwaka kwa muda, kioo kiliingia weusi na mwanga ukafifia. Wahandisi waliamini kwamba ubaya ulitokana na hewa kidogo iliyosalia, kwa hiyo walihangaika kutafuta pampu bora za kuinyonya. Langmuir alikwenda kinyume chao. Badala ya kuondoa gesi, aliingiza gesi za aina mbalimbali kwa makusudi, moja baada ya nyingine, ili aone kila moja inafanya nini.

Alichokigundua ni kwamba weusi ule ulikuwa tungsteni yenyewe, iliyokuwa ikigeuka mvuke kutoka kwenye uzi wa moto na kugandamana na kioo. Dawa yake ikawa kuijaza balbu gesi tulivu, kwanza naitrojeni na baadaye agoni, ili kuzuia mvuke huo, na kuusokota uzi uwe kama springi ili usipoteze joto. Balbu hiyo mpya iliingia sokoni kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ikatoa mwanga mwingi zaidi kwa umeme ule ule, na ndiyo iliyokuja kuangaza nyumba za dunia nzima kwa karne iliyobaki. Faida aliyoiletea kampuni ilitosha kulipia udadisi wake wote uliofuata.

Tabaka moja la molekuli

Kutokana na waya zile za moto, Langmuir aliona jambo lingine. Gesi ilipogusa chuma, haikurundikana juu yake kama vumbi linavyorundikana juu ya meza. Ilishika kwa tabaka moja tu, lenye unene wa molekuli moja, na nafasi zilipojaa, hakuna nyingine iliyopata pa kukaa. Katika makala alizochapisha mwaka 1916 na 1918 alieleza kanuni ya jambo hilo kwa hesabu, na kanuni hiyo bado inafundishwa vyuoni kwa jina lake.

Mwaka 1917 aliihamishia fikra hiyo kwenye mafuta yanayoelea juu ya maji. Hapa hakuwa wa kwanza. Mwanamke wa Kijerumani, Agnes Pockels, ambaye hakuwa na shahada wala maabara, alikuwa amekwisha kupima ngozi nyembamba za mafuta kwa kutumia beseni nyumbani kwake, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1891 kwa msaada wa mwanafizikia wa Uingereza, Lord Rayleigh. Langmuir alikiendeleza chombo cha namna ile na kukitumia kujibu swali zito zaidi: molekuli hizo zimekaaje?

Jibu lake lilikuwa kwamba zimesimama wima kama mabua ya mtama shambani. Kila molekuli ya mafuta ya namna hiyo ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyachukia. Kichwa huzama majini, mkia huelekea juu. Kwa hiyo uso wa kitu chochote hauamuliwi na kilichomo ndani, bali na zile atomu chache zilizokaa nje kabisa, zikiitazama hewa. Ukizibadilisha hizo pekee, umekibadilisha kitu chote machoni pa maji, gundi au rangi, hata kama ndani yake hakuna kilichoguswa.

Kazi hii aliiendeleza pamoja na Katharine Blodgett, aliyezaliwa Schenectady mwaka 1898 na kuajiriwa mwaka 1918 kama mwanasayansi wa kwanza mwanamke katika maabara hiyo. Langmuir alimhimiza aendelee na masomo, na mwaka 1926 Blodgett akawa mwanamke wa kwanza kupata shahada ya uzamivu ya fizikia katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Aliporudi, alibuni njia ya kuhamisha tabaka hizo kutoka majini hadi juu ya kioo, moja juu ya nyingine, na mwaka 1938 akatangaza kioo kisichorudisha mwanga. Tabaka hizo hadi leo hubeba majina ya wote wawili.

Mwaka 1932 Langmuir alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa uchunguzi wake wa nyuso. Alikuwa mtafiti wa kwanza kutoka maabara ya kiwanda nchini Marekani kupewa heshima hiyo.

Gesi iliyopewa jina

Kati ya kazi hizo, Langmuir alikuwa akichunguza pia kinachotokea umeme unapopita ndani ya gesi. Umeme huo huzivunja atomu: elektroni huchomoka, na mabaki yenye chaji hubaki yakielea. Mchanganyiko huo hung'aa, hupitisha umeme, na hautendi kama gesi ya kawaida. Radi ni hali hiyo, na jua nalo vivyo hivyo.

Mwaka 1928 aliuita plazma, neno lililokuwa likitumiwa na madaktari kwa maji ya damu. Mmoja wa wasaidizi wake alisimulia baadaye kwamba namna mchanganyiko ule ulivyobeba chembe zenye chaji ilimkumbusha Langmuir jinsi maji ya damu yanavyobeba chembe nyekundu na nyeupe. Alibuni pia sindano ya chuma ya kupimia joto na wingi wa elektroni ndani ya plazma, na chombo hicho kingali kazini katika maabara nyingi.

Kwa hiyo, kabla ya miaka ya 1930 kufika, maarifa mawili yalikuwa tayari mezani kwa mtu mmoja. La kwanza, kwamba tabia ya uso iko katika tabaka moja la nje. La pili, kwamba ipo gesi yenye nguvu ya kuvunja viungo vya atomu. Kilichokosekana ni plastiki yenyewe.

Kutoka maabara hadi bampa la gari

Polithini iligunduliwa nchini Uingereza mwaka 1933. Ndugu yake, polipropilini, ilipatikana miaka ya 1950 kwa kazi ya Giulio Natta wa Italia, na kiwanda cha Ferrara kikaanza kuizalisha kwa ajili ya soko mwaka 1957, mwaka ule ule Langmuir alipofariki. Ni plastiki nyepesi, rahisi, isiyoshika kutu, inayopinda bila kuvunjika. Haikuchukua muda kabla watengenezaji wa magari hawajaitamani kwa mabampa, dashibodi na vikasha vya taa, kwani gari jepesi hunywa mafuta kidogo.

Tatizo likawa kuipaka rangi. Wataalamu hupima nguvu ya uso kwa kipimo cha milinyutoni kwa mita. Maji yana takriban 72, ilhali polipropilini ina takriban 30 tu. Kimiminika husambaa vizuri juu ya uso wenye mvuto unaokizidi au kukikaribia. Palipo na mvuto mdogo, hujikunja kuwa matone. Rangi ikipakwa juu ya polipropilini ghafi huonekana nzuri siku ya kwanza, kisha hubanduka vipande vipande kama ganda la ndizi.

Suluhisho ni kuushughulikia uso kabla ya rangi, na njia tatu ndizo zilizoenea. Ya kwanza ni mwali wa gesi: mkono wa roboti huupitisha mwali huo juu ya bampa kwa haraka, mithili ya mtu anayebabua manyoya ya kuku, ila plastiki haiungui. Ya pili ni umeme wa volti nyingi unaosambaa hewani karibu na plastiki, njia itumiwayo zaidi kwa karatasi za plastiki na mifuko inayohitaji kuchapishwa. Ya tatu ni plazma inayopulizwa kutoka kwenye mdomo wa chuma hadi mahali hasa panapotakiwa gundi, kwa mfano kwenye mfereji ambamo kioo cha taa ya mbele hubandikwa kwenye kikasha chake.

Njia zote tatu hufanya jambo moja. Chembe zenye nguvu huvunja baadhi ya viungo vya molekuli za nje, na oksijeni hujipachika katika nafasi zilizoachwa wazi. Uso uliokuwa mkia mtupu sasa umeota vichwa vinavyopenda maji. Nguvu yake hupanda hadi 40 au zaidi, nayo rangi husambaa na kushika. Sehemu iliyobadilika ina unene wa nanomita chache tu. Milimita zilizobaki za bampa hazina habari.

Wepesi huo wa tabaka ndio pia udhaifu wake. Uso ulioshughulikiwa hurudia hali yake ya zamani kadiri siku zinavyopita, kwa hiyo rangi au gundi haina budi kufuata mapema. Alama ya kidole chenye mafuta inatosha kuharibu kazi yote, kwa kuwa tabaka moja la mafuta ni uso mwingine kabisa. Taa iliyobandikwa vibaya huingiza maji, na dereva hubaki na mwanga hafifu usiku barabarani.

Jambo hili halina umbali na Nchelenge. Magari yaliyotumika kutoka Japani, mengi yakipitia bandari ya Dar es Salaam, ndiyo yanayotembea katika barabara nyingi za Zambia, na mabampa yake ya polipropilini yanapokwaruzwa hupelekwa gereji. Huko hakuna roboti wala plazma. Fundi makini huosha kwanza mafuta yote, husugua kwa msasa, kisha hupaka rangi ya awali iliyotengenezwa maalumu kwa plastiki, ambayo ndiyo kiungo kati ya bampa na rangi ya mwisho. Fundi anayeiruka hatua hiyo kwa kubana gharama humrudishia mteja gari linalong'aa, na lawama hufuata baada ya miezi michache.

Ziwa na mawingu

Langmuir alipenda kupanda milima, kuteleza kwenye theluji na kuendesha ndege, na hata mapumziko yake yalizaa sayansi. Mwaka 1927, akiwa melini katika Bahari ya Atlantiki, aliona magugu ya baharini yakielea kwa mistari mirefu iliyonyooka kufuata upepo. Alifanya majaribio katika Ziwa George, jimboni New York, na mwaka 1938 akachapisha maelezo: upepo huyafanya maji ya juu yajiviringe kama magogo yaliyolazwa sambamba, na uchafu hukusanyika pale magogo mawili yanapokutana. Mistari ya povu ambayo mvuvi wa ziwa kubwa kama Mweru huiona upepo unapovuma sasa ina jina katika vitabu vya sayansi, nalo ni jina la Langmuir.

Lakini uzee wake ulikuwa na kivuli. Mwaka 1946 msaidizi wake, Vincent Schaefer, aligundua kwamba barafu kavu inaweza kuligeuza wingu baridi kuwa theluji, na Novemba mwaka huo akajaribu kwa ndege angani Massachusetts. Bernard Vonnegut akaonyesha kwamba iodidi ya fedha hufanya kazi hiyo hiyo. Ugunduzi huo ulikuwa wa kweli. Langmuir, hata hivyo, alivuka mipaka ya ushahidi. Oktoba 1947 kimbunga kilichomwagiwa barafu kavu baharini kiligeuka na kupiga karibu na Savannah, jimboni Georgia. Yeye alishikilia kwamba jaribio ndilo lililokigeuza, ingawa uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba kilikuwa kimeanza kugeuka kabla. Alidai pia kwamba majaribio ya New Mexico yalibadilisha mvua katika sehemu kubwa ya Marekani. Wataalamu wa hali ya hewa hawakukubaliana naye, naye hakurudi nyuma.

Jambo hilo ni la ajabu zaidi kwa sababu mwaka 1953 mtu huyo huyo alitoa mhadhara maarufu kuhusu wanasayansi waaminifu wanaojidanganya wenyewe, wakaona katika vipimo hafifu kile wanachotamani kukiona. Vigezo alivyovitaja vingali vikitumika kupima madai mapya, na baadhi ya wanahistoria huvitumia kuyapima madai yake mwenyewe kuhusu mvua.

Langmuir alifariki dunia kwa ugonjwa wa moyo tarehe 16 Agosti 1957 huko Woods Hole, Massachusetts, akiwa na umri wa miaka 76. Alimwacha mkewe, Marion Mersereau, waliyefunga ndoa mwaka 1912, na watoto wawili waliowalea kama wao. Jarida la wanakemia wa Marekani linalohusu nyuso, lililoanzishwa mwaka 1985, limepewa jina lake.

Madai yake juu ya mawingu yamesahauliwa na wengi. Kanuni yake ya tabaka moja imebaki, kwa sababu hujipima yenyewe kila siku viwandani: mtu anayekagua bampa hudondosha tone la kimiminika juu ya plastiki na kutazama. Tone likisimama, kipande hurudishwa. Likitandaa, kazi ya rangi huanza.